Jina Linalometameta: Somo la Kutengeneza Jina la Mapambo kwa Kompyuta

Wadi ya Dundori, katika kaunti ndogo ya Bahati, inajulikana kwa viazi, kabichi, karoti na maziwa. Magari yanayopanda kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou huonekana yamebeba mazao hayo karibu kila siku. Siku hizi biashara nyingi huanzia kwenye simu. Mkulima huweka picha ya gunia la viazi kwenye hali yake ya WhatsApp, chama cha akina mama hutangaza siku ya mkutano, na familia hualika jamaa kwa ruracio, harusi au mahafali. Katika matangazo hayo yote, kitu cha kwanza kinachosomwa ni jina.

Ndiyo sababu vijana wengi hupenda kujifunza kutengeneza jina la mapambo, yaani jina lililoandikwa kwa herufi nzuri, likazungushiwa pindo, kisha likafanywa limetemete au libadilike rangi. Kazi hii haihitaji kompyuta ya bei kubwa wala programu ya kununua. Inahitaji subira, jicho la kupima rangi, na heshima kwa mwenye jina.

Somo hili linaeleza kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Msingi wake ni mmoja: pambo ni mtumishi wa jina. Pambo likifanya jina lisisomeke, lisiwe sahihi au limsumbue anayelitazama, kazi imeharibika hata kama inang'aa.

JINA KWANZA, PAMBO BAADAYE

Kabla ya kuwasha kompyuta, fundi humwomba mwenye jina aliandike kwa mkono wake kwenye karatasi au alitume kwa ujumbe. Hatua hii ndogo huzuia hasara kubwa. Kadi ya harusi yenye jina la bibi harusi lililokosewa haiwezi kutolewa kwa wageni, na tangazo la mazishi lenye jina la marehemu lililokosewa huwaumiza waliofiwa.

Dundori yenyewe ni mfano mzuri. Wadi huandikwa Dundori, lakini wakazi wengi na baadhi ya vibao huandika Ndundori. Duka linalotaka jina la mahali kwenye tangazo lake lichague namna moja ya kuandika na kuishika kila mahali, kwenye kibao, kwenye risiti na kwenye picha. Mteja anayetafuta jina kwa simu hupotea kwa herufi moja tu.

Majina ya Kigĩkũyũ yanahitaji uangalifu zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huandikwa kwa alama ya wimbi juu. Mũthoni, Wanjikũ na Kĩmani ni majina ambayo kwenye vitambulisho vingi huonekana bila alama hizo, ilhali katika vitabu vya lugha huandikwa nazo. Uamuzi si wa fundi. Mwenye jina aulizwe: je, anataka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, au kama linavyoandikwa katika lugha yake?

Majina yenye ng' nayo yana mtego wake. Katika jina kama Ng'ang'a, kikomo cha juu ni sehemu ya herufi. Kikiachwa, matamshi hubadilika. Fonti nyingine hukiweka mbali sana na herufi g hadi jina linaonekana kama limekatwa vipande viwili. Fundi hukuza picha kwenye skrini na kukitazama kikomo hicho kwa karibu kabla ya kuendelea.

KUCHAGUA FONTI

Fonti ni mtindo wa herufi. Kuna fonti nyingi za kupendeza zinazofanana na mwandiko wa mkono, maua au moto, lakini nyingi kati yake zilichorwa kwa ajili ya Kiingereza pekee. Zikikutana na ũ, huweka kisanduku kitupu au hukopa herufi kutoka fonti nyingine, na jina likatoka na sura mbili.

Watu wa kompyuta huviita visanduku hivyo vitupu tofu, kwa jina la chakula cha soya kinachokatwa vipande vya mraba. Jumla ya fonti za bure ziitwazo Noto, zilizoanzishwa na kampuni ya Google, zilipata jina lake kutokana na nia ya kuviondoa. Noto Sans na DejaVu Sans zina ĩ na ũ, kubwa na ndogo, na zote mbili hupatikana bila malipo.

Jaribio la fonti ni rahisi. Andika mstari huu kabla ya kuanza kazi: Ĩ ĩ Ũ ũ Ng'. Kila herufi ikitokea vizuri, fonti inafaa. Herufi hizo zisipopatikana kwenye kibodi, zinaweza kunakiliwa kutoka kwenye ujumbe ambao mwenye jina ameutuma, au kutoka kwenye programu ya Character Map iliyomo ndani ya Windows.

Fonti isomwe pia masharti yake. Baadhi huruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu, na anayeuza kazi yake hutakiwa kulipia. Zile zenye leseni huria, kama Noto, huweza kutumika hata katika kazi ya kuuza.

MJI, PINDO NA JINA

Anayejua leso tayari anajua nusu ya somo hili. Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka kingo zote, mji ulio katikati, na maandishi ambayo wengi huyaita jina la leso. Pindo hukusanya macho, mji huyapa nafasi, na jina husema neno. Leso ambayo mji wake umejaa michoro hadi jina halisomeki haimfikishii mtu ujumbe aliokusudiwa.

Jina la mapambo hujengwa vivyo hivyo. Mji uwe rangi moja iliyotulia. Pindo liwe jembamba. Jina liwe kubwa, na rangi yake itofautiane sana na ya mji: dhahabu juu ya kijani kibichi kilichoiva, au nyeupe juu ya bluu ya usiku. Manjano juu ya nyeupe, au nyekundu juu ya kijani, huchosha macho, na baadhi ya watu hawatofautishi nyekundu na kijani kabisa.

Kuna njia ya haraka ya kupima. Picha ikiwa tayari, ipunguzwe hadi iwe na upana wa kidole gumba kwenye skrini, kisha mtu ambaye hakuiona awali aombwe asome jina. Akisitasita, rangi au fonti ibadilishwe.

VIFAA

Programu inayotumiwa katika somo hili ni GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni programu huria, kwa hiyo hailipiwi na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta nyingi bila kuvunja sheria. Hufanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Ipakuliwe kutoka tovuti yake rasmi, gimp.org, kwa sababu nakala za tovuti zisizojulikana huweza kuja na virusi.

Asiye na kompyuta nyumbani anaweza kufanya kazi hii kwenye saiba. Aende na karatasi iliyo na jina sahihi, mchoro mdogo wa penseli unaoonyesha mji, pindo na jina, na diski mweko ya kuhifadhia faili. Mpango ukiwa tayari kwenye karatasi, dakika za kulipia hupungua.

JINSI PICHA INAVYOCHEZA

Picha jongefu ni picha kadhaa zilizotulia zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine. Kila moja huitwa fremu. Jicho huziunganisha na kuona mwendo.

Faili itakayotengenezwa ni ya aina ya GIF. Aina hii ilitolewa na kampuni ya Marekani ya CompuServe mwaka 1987, na kikosi kilichoibuni kiliongozwa na Steve Wilhite. Toleo la mwaka 1989 liliongezewa uwezo wa kupanga muda kati ya fremu moja na nyingine. GIF hubeba rangi zisizozidi 256 katika kila fremu. Kwa picha ya uso wa mtu rangi hizo ni chache. Kwa jina lenye rangi nne au tano, zinatosha na kubaki.

Katika GIMP, kila fremu ni tabaka moja. Tabaka ni kama kioo kilichochorwa: vioo kadhaa vikipangwa juu ya kingine, picha moja huonekana. Mwanafunzi akilielewa hili, hatua zinazofuata hazitamsumbua.

HATUA KWA HATUA

Mfano uliotumika hapa ni jina Wanjikũ, lakini jina lolote hufuata njia hiyo hiyo. Majina ya menyu yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye skrini.

1. Karatasi ya kazi. Fungua menyu ya File, chagua New. Andika upana wa pikseli 600 na kimo cha pikseli 200. Pikseli ni nukta ndogo inayojenga picha. Bofya OK.

2. Mji. Chagua rangi ya mbele, mfano kijani kilichoiva. Fungua Edit, kisha Fill with FG Color. Kwenye orodha ya matabaka, bofya mara mbili jina la tabaka na uliite Mji.

3. Pindo. Fungua Layer, kisha New Layer, uchague tabaka lisilo na rangi, uliite Pindo. Bonyeza herufi R kupata kifaa cha kuchagua mstatili. Chora mstatili ulioachana na kingo za picha kwa pikseli kama 10 kila upande. Fungua Select, kisha Invert, ili ubaki na ukingo peke yake. Badilisha rangi ya mbele iwe dhahabu, ujaze kama ulivyofanya katika hatua ya 2. Maliza kwa Select, kisha None.

4. Jina. Bonyeza T kupata kifaa cha maandishi. Chagua fonti na ukubwa wa pikseli 110, bofya juu ya picha, andika jina. Likizidi nafasi, punguza ukubwa. Bonyeza M na ulisogeze hadi likae katikati. Soma jina herufi kwa herufi ukilinganisha na karatasi ya mwenye jina.

5. Ukingo wa herufi. Bofya tabaka la jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Alpha to Selection. Mistari ya vidoti itazunguka herufi. Fungua Select, kisha Grow, andika 4. Tengeneza tabaka jipya lisilo na rangi, uliite Ukingo, ulijaze rangi nyeusi au nyeupe, kisha uliburute kwenye orodha likae chini ya jina. Ukingo huu ndio unaofanya herufi zisomeke hata zikimetameta.

6. Kumetameta. Rudi kwenye tabaka la jina, chagua tena Alpha to Selection. Tengeneza tabaka jipya lisilo na rangi, lijaze dhahabu, uliite Nyota na ulisogeze juu ya yote. Fungua Layer, kisha Duplicate Layer, mara mbili. Sasa kuna matabaka matatu ya dhahabu. Bofya la kwanza, fungua Filters, kisha Noise, kisha HSV Noise. Sogeza kidhibiti kilichoandikwa Value hadi chembe za mwanga na kivuli zionekane. Rudia kwa tabaka la pili na la tatu, lakini kila mara bofya New Seed ili chembe zikae mahali tofauti. Mabadiliko hayo ya mahali ndiyo yatakayoonekana kama kumetameta.

7. Hifadhi kazi ya awali. Fungua File, kisha Save, uipe faili jina linaloishia na .xcf. Faili hii huhifadhi matabaka yote. Siku mteja atakapotaka rangi nyingine, kazi haitaanza upya.

8. Kuunda fremu. Zima matabaka matatu ya Nyota kwa kubofya alama ya jicho iliyo pembeni mwa kila moja. Fungua Image, kisha Merge Visible Layers. Mji, Pindo, Ukingo na Jina vitakuwa tabaka moja. Liite Msingi, ulirudufu mara mbili. Washa tena matabaka ya Nyota, uyapange hivi: Msingi, Nyota juu yake, Msingi mwingine, Nyota nyingine, hadi jozi tatu zitimie. Bofya kila Nyota, fungua Layer, kisha Merge Down. Yanabaki matabaka matatu, nazo ndizo fremu tatu.

9. Muda. Badilisha majina ya matabaka yawe Fremu 1 (200ms), Fremu 2 (200ms) na Fremu 3 (200ms). Maandishi yaliyo ndani ya mabano huiambia programu ionyeshe kila fremu kwa milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. GIMP huanza na tabaka la chini kabisa.

10. Kujaribu. Fungua Filters, kisha Animation, kisha Playback. Tazama jina likicheza. Likionekana lina haraka, ongeza muda.

11. Kupunguza uzito. Fungua Image, kisha Mode, kisha Indexed. Weka rangi 64 na uchague kutochanganya nukta, yaani None kwenye sehemu ya Dithering. Kisha fungua Filters, Animation, na Optimize for GIF. Programu itatoa nakala mpya iliyo nyepesi zaidi.

12. Kutoa faili. Ukiwa kwenye nakala hiyo mpya, fungua File, kisha Export As. Andika jina linaloishia na .gif. Weka alama kwenye As animation na Loop forever, ili jina lirudierudie. Sehemu nyingine ziachwe zilivyo. Bofya Export.

UZITO WA FAILI NA BANDO LA MTAZAMAJI

Anayetumiwa picha hulipia bando ili aione. Kwa hiyo uzito wa faili ni jambo la adabu na pia la biashara, kwa kuwa picha isiyofunguka haiuzi chochote.

Hesabu yake ni hii. Pikseli 600 mara 200 ni 120,000 kwa kila fremu. Katika GIF, kila pikseli huchukua hadi baiti moja kabla ya kubanwa. Fremu tatu ni baiti 360,000. Mwanafunzi akiongeza picha iwe 1200 kwa 400, kila fremu huwa mara nne: pikseli 480,000. Akitumia fremu kumi za ukubwa huo, anafika baiti 4,800,000.

GIF hubana faili kwa kutafuta mfululizo wa pikseli unaojirudia. Eneo la rangi moja hubanwa sana kwa sababu hujirudia. Chembe za kumetameta hazijirudii, kwa hiyo hubanwa kidogo tu. Hapa ndipo busara inapohitajika: kumetameta kubaki ndani ya herufi, na mji utulie. Mji ukitulia, ile hatua ya Optimize huacha kuurudia katika fremu ya pili na ya tatu, na faili hupungua. Fremu tatu au nne zinatosha kwa kumetameta.

Jambo jingine: WhatsApp hugeuza GIF kuwa video fupi inapotumwa. Sehemu zisizo na rangi huweza kujazwa rangi ambayo fundi hakuipanga. Ndiyo maana somo hili limejaza mji rangi kamili tangu mwanzo.

KASI NA USALAMA WA MACHO

Tarehe 16 Desemba 1997, watoto zaidi ya 600 nchini Japani walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni ya Pokémon kilichokuwa na sehemu ya mwanga mwekundu na wa bluu uliopishana kwa kasi. Tukio hilo liliwakumbusha watengenezaji wa picha duniani kote kwamba mwanga unaowaka na kuzima haraka huweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na watu wote husema kitu kisimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja. Katika kazi ya jina, kanuni hiyo hutekelezwa hivi: chembe ndogo ndani ya herufi zinaweza kubadilika kwa utulivu, lakini jina zima au mji mzima usiwake na kuzima. Ikiwa mteja anataka jina libadilike rangi, kila rangi ikae angalau sekunde moja, yaani 1000ms. Nyekundu inayomweka iepukwe kabisa.

Kuna pia mahali ambapo mwendo haufai. Tangazo la mazishi, taarifa ya ugonjwa au ombi la mchango wa hospitali huandikwa kwa herufi zilizotulia. Fundi mwenye adabu humshauri mteja hivyo, hata kama mteja ameomba kumetameta.

JINA LA MTU SI BIDHAA YA KILA MTU

Jina likishapambwa na kutumwa, husambaa. Yapo mambo matatu ya kuzingatia.

La kwanza ni watoto. Kadi ya siku ya kuzaliwa yenye jina kamili la mtoto, tarehe yake, picha na jina la shule humpa mtu asiyejulikana habari nyingi mno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa kulinda maslahi ya mtoto. Kwa kadi ya kutuma hadharani, jina la kwanza linatosha.

La pili ni ulaghai. Mnunuzi aliye Nairobi huweza kutuma arubuni ya viazi kwa sababu tu ameona picha nzuri yenye jina la mfanyabiashara anayemfahamu. Mlaghai naye anajua hivyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inafanya kosa kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwa udanganyifu. Fundi anayeombwa kutengeneza jina la biashara aulize mwenye biashara ni nani, na akiwa na shaka apige simu kwa mwenyewe. Mnunuzi naye akumbuke kwamba picha ya jina si uthibitisho wa mtu. Athibitishe kwa sauti, na kwa jina linalotokea kwenye malipo ya simu.

La tatu ni nembo. Nembo ya serikali, ya shule, ya kanisa au ya kampuni isiwekwe kwenye picha bila ruhusa. Kikundi kinachotaka jina lake liwe la biashara kilisajili kwanza kupitia eCitizen, ili kisije kikalipia mapambo ya jina ambalo tayari lina mwenyewe.

KAZI NA KIPATO

Kijana anayetaka kupata riziki kwa kazi hii hufaidika akiwa na utaratibu. Akubaliane na mteja kuhusu jina, rangi, tarehe ya kukabidhi na idadi ya marekebisho kabla ya kuanza. Ahesabu gharama zake: muda, umeme, saiba na bando. Bei isiyofidia gharama hizo humfanya aiache kazi baada ya miezi michache.

Mteja akabidhiwe faili mbili: ile ya GIF, na nakala iliyotulia ya aina ya PNG kwa ajili ya kuchapisha. Karatasi haichezi, na baadhi ya wateja hukumbuka hilo wakiwa tayari dukani kwa mchapishaji. Faili ya XCF ibaki kwa fundi, imehifadhiwa mahali pawili.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kijana anayetaka kuendelea hadi usanifu wa vibao, mabango na vifungashio aulize katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye ni kozi zipi za kompyuta zinazotolewa.

MAKOSA YA KAWAIDA NA DAWA YAKE

Picha haichezi baada ya kutolewa: alama ya As animation haikuwekwa. Rudia hatua ya 12.

Mji unaonekana katika fremu moja na kutoweka katika nyingine: Nyota moja haikuunganishwa na Msingi wake. Fungua faili ya XCF na urudie kuanzia hatua ya 8.

Herufi ya ũ imekuwa kisanduku: fonti haina herufi hiyo. Badilisha fonti, usibadilishe jina.

Jina linaonekana chafu badala ya kung'aa: chembe zimezidi. Punguza Value katika HSV Noise.

Faili ni nzito: punguza ukubwa wa picha kwanza, kisha idadi ya fremu, kisha idadi ya rangi.

ZOEZI

1. Tengeneza jina lako la kwanza kwa fremu tatu, kwa upana wa pikseli 600. Andika uzito wa faili kabla na baada ya hatua ya 11.

2. Tengeneza jina Ng'ang'a kwa fonti mbili tofauti. Eleza ni ipi inayoweka kikomo vizuri.

3. Muulize mzee au jirani mmoja namna jina lake linavyoandikwa katika lugha yake na namna lilivyo kwenye kitambulisho. Je, yanatofautiana? Angependa lipi lipambwe?

4. Tengeneza tangazo la maziwa au viazi lenye jina la biashara. Limwonyeshe mtu aliye hatua tano kutoka kwenye skrini. Akisoma jina bila kusaidiwa, kazi imekamilika.